Waliotukatia boti yetu Wete: nyota tatu kwa sasa

Kabla ya kuwachukua hawa vijana nilitafuta mtandaoni mtu yeyote aliyewahi kukatiwa chombo cha chuma kiuzwe chakavu hapa Visiwani anieleze yaliyomkuta. Nikaambulia picha za meli za Bangladesh na tangazo la mtu anayenunua mabati makuukuu. Basi atakayetafuta baada yangu na akute hili. Jina lao siliandiki, maana ninayo ya kuwasifu na ninayo ya kuwalaumu, na kazi ile inalisha nyumba tisa. Ukiwaulizia wanunuzi wa vyuma chakavu wa Unguja kikosi cha watu tisa kinachosafiri na mitungi yake hadi Pemba, utawapata tu.

Chombo chenyewe ni boti ya mizigo, mita 31, tani 190 za ujazo, imeundwa Uholanzi mwaka 1968. Marehemu shemegi yangu aliinunua imeshapita mikono mitatu. Akipakia saruji na unga wa ngano Dar, akishusha Mkoani au Wete, huku Pemba. Injini ilikufa 2016, mwenyewe akafariki 2019, boti ikabaki imepwelezwa kwenye tope la hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, mpaka mikoko ikaanza kumea ubavuni kwake. Warithi sita, na kila mrithi na ndoto yake. Mmoja alitaka tuifanye mkahawa wa watalii. Nikampeleka maji yalipokupwa, nikampitishia mkono kwenye tundu la kutu mpaka kwenye kiwiko. Habari ya mkahawa ikaishia pale.

Usimamizi nilibandikwa mimi kwa kuwa nimekula chumvi ya bahari miaka 22, mtia mafuta, mtu wa chumba cha mashine. Nina miaka 63. Na katika meli nilizofanya kazi, moja niliisindikiza kaburini kwake, ndiyo maana watu wanasema nina maneno mengi.

Ilikuwa 1999. Tumetoka Mombasa tupu, na mabaharia wote tunajua tunakokwenda ingawa hakuna aliyetamka. Njiani serahangi, mkubwa wa mabaharia wa sitaha, akapewa kopo la rangi nyeusi, akateremshwa tezi, nyuma ya meli, kwa ubao, akafuta herufi za jina zikabaki nne. Bendera nayo ikabadilishwa. Tukatia nanga nje ya Alang, jimbo la Gujarat kule India, siku nne tukingoja bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya au mpevu. Kwetu Pemba bamvua kali inakaribia mita 4. Kule maji yanapanda na kushuka kiasi cha mita 10, na ndiyo siri ya ufukwe ule tangu walipoanza kukata meli mwaka 1983: maji yakijaa, meli inakwenda kwa mbio zake yenyewe mpaka ipande nchi kavu, na maji yakitoka haina pa kwenda tena.

Mimi nilikuwa chini. Amri ikaja: mbele, nguvu zote. Mtu wa mashine maisha yake yote anafundishwa kuikwepesha meli na mwamba na fungu, halafu siku ile unaambiwa utie mafuta vizuri ili igonge. Mwili unakataa. Ilipogusa nilisikia vyombo vya jikoni vyote vinahamia upande mmoja, kisha sauti kama mtu anaburura kabati refu sana. Tukashuka kwa ngazi ya kamba. Kwenye tope wanaume kwa makumi, wengine pekupeku, wengine kandambili, wamepanga mabega wanaburura waya mnene kama mkono wangu. Barabara ya kutokea imejaa maduka ya vitu vya meli: masinki, vitanda, majaketi ya kuokolea, sahani. Kikombe changu cha chai nilikisahau mle ndani. Natumai alikinunua mtu anayejua chai.

Sasa turudi Wete.

Nilizungumza na fundi mkuu kwa simu kabla hawajavuka. Kijana mwenye adabu, "shikamoo ami" kila mara, hata simu ikikatika na kurudi. Makubaliano: wao wanakata, wananunua chuma hapo hapo kwa shilingi 550 kwa kilo, sisi tunabaki na injini, rafadha (lile panga la nyuma linalosukuma boti) na kila kilicho cha shaba. Bei ile nimeridhika nayo. Wengine wawili walitaka chombo kizima kwa bei ya kukisia bila ya kupima, na mmoja katika hao hakutaka hata kuja kuangalia.

Walifika siku waliyosema na saa waliyosema. Hilo peke yake lina nyota yake, anayejenga Pemba ananielewa. Walikuja na mitungi kumi ya oksijeni, mitungi ya gesi ya kupikia ndiyo wanayokatia, tochi nne za moto za kukatia, winchi ya mkono na jenereta. Walipiga hema, wakatafuta mama wa kuwapikia, wakamlipa kwa wiki. Hakuna mwanakijiji hata mmoja aliyekuja kwangu kulalamika habari za kuku wala mabinti.

Siku ya kwanza nikamwambia fundi mkuu hatukati kitu, tunaandika. Akacheka. "Ami, sisi tunakata, hatuandiki."

Nikatoa daftari la kurasa 40. Hapa itabidi nieleze kidogo, ingawa nilipomweleza yeye alikuwa akipiga miayo. Dunia sasa ina sheria ya kukata meli. Inaitwa Mkataba wa Hong Kong, ulipitishwa mwaka 2009 chini ya shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, ukalala miaka. Ulikuwa unangoja nchi zisizopungua 15 zenye asilimia 40 ya ujazo wa meli za biashara duniani, na miongoni mwao wawemo wakataji wenyewe wa kutosha. Bangladesh na Liberia walipojiunga Juni 2023 ndipo hesabu ya miezi 24 ikaanza, na tangu 26 Juni 2025 unafanya kazi. Nguzo yake ni karatasi: kila meli itembee na orodha ya vitu vyake vya hatari, na eneo la kukatia liwe na kibali cha serikali yake, tena liandike mpango wa kuikata meli ile kwa mujibu wa orodha ile. Orodha ina mafungu matatu: vilivyojengewa ndani ya chombo, taka za uendeshaji, na vilivyobaki stoo.

Boti yetu haimo. Mkataba unaanza tani 500 za ujazo, sisi tuna 190. Lakini asbestosi, zile nyuzi za madini walizokuwa wakizongea mabomba kuzuia moto, haijui tani.

Basi tukazunguka na chaki, mimi na fundi mkuu na mtoto wa dada yangu ameshika daftari. Penye msalaba pasiguswe mpaka niseme. Fungu la kwanza: nguo nyeupe iliyozongwa kwenye bomba la ekzosi, mbao za kijivu nyuma ya jiko, rangi ya chini ya maji, nyaya za zamani. La pili: maji ya bilji, yale machafu yanayojikusanya chini kabisa ya boti, mafuta mazito yaliyoganda kwenye tangi dogo. La tatu: makopo ya rangi, betri nane, fataki za dharura zilizopitwa na muda tangu watu hawajaoa, na friji lenye gesi yake. Ilituchukua asubuhi nzima. Ilipofika saa saba fundi mkuu alikuwa anaonesha misalaba yeye mwenyewe, nikajua huyu anafundishika.

Kilichofuata ndicho kilichowapotezea nyota.

Siku ya tatu nilichelewa, nilikuwa na mazishi. Nikafika saa nne. Nashuka chumba cha mashine namkuta kijana, hana miaka ishirini, amekaa juu ya injini anaichana ile nguo nyeupe kwa mikono. Alikuwa anataka bomba la chini yake. Jua linaingia kwenye tundu moja la kutu, mwanga umenyooka kama rula, na ndani ya mwanga vumbi linaelea taratibu, laini, linameta, kama mtu anachekecha unga. Zuri kuliangalia. Amejifunga kitambaa puani, kitambaa kile kile anachofutia jasho. Msalaba wangu wa chaki ulikuwa bado unaonekana, kaukalia.

Sikupiga kelele. Mle ndani ukipiga kelele unavuta pumzi. Nilimwashiria, tukapanda juu, nikamwosha kwa ndoo mpaka nguo zikamganda, nikamwambia nguo zile asiende nazo hemani. Akaniuliza, "Ami, kwani litaniunguza?" Nikamwambia halikuunguzi leo. Asbestosi inangoja. Inakaa pafuni miaka 20, 30, hata 40, ndipo inadai. Meli zilizoundwa enzi ile ya 1968 zimejaa, kwa sababu haishiki moto na ilikuwa rahisi, na ni mwaka 2011 tu ndipo sheria ya usalama wa meli ilipopiga marufuku kabisa kuiweka mpya. Yule kijana alinisikiliza kwa heshima. Kuamini sina hakika. Mtu wa miaka kumi na tisa umwambie habari za miaka 40.

Fundi mkuu aliomba radhi, na baada ya hapo kazi ile waliifanya kama nilivyotaka: bomba likarowanishwa kwa pampu ya kupulizia dawa ya mikarafuu mpaka likawa linatona, likakatwa kwa kipande pamoja na nguo yake bila ya kuchanwa, likatiwa mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwengine. Barakoa nilizinunua mimi Chake Chake kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hazikuwa za daraja linalotakiwa kwa asbestosi, nakiri, lakini zilikuwa bora kuliko kitambaa cha jasho. Watu wanaokata vyuma kwa biashara walipaswa waje nazo.

Na tangi. Tangi la dizeli lilikuwa tupu tangu 2016, na fundi mmoja alishawasha tochi alikate. Alifungua kifuniko, akanusa, akasema limekauka. Pua! Tangi lililojaa mafuta lina nafuu, hatari ni lile tupu, ndani yake mna mvuke na hewa vimechanganyika vinangoja cheche. Tarehe 1 Novemba 2016 kule Gadani, Pakistani, tangi za meli ya mafuta zililipuka wakati wakataji wako kazini, wakafa zaidi ya watu 20. Niliwaonesha picha kwenye simu. Wakanyamaza. Kipima gesi hawana, na hapa ndipo nawatoa nyota ya pili bila ya huruma, kwa sababu kifaa kile kinaenea mkononi na kinaingia mfukoni. Tukafungua vifuniko vyote, tukaweka feni ya kupuliza siku tatu, kisha tukalijaza maji ya bahari mpaka chini kidogo ya mstari wa kukata, ili mvuke usipate pa kukaa. Likakatika salama. Maji yale yakatoka na mafuta juu, yakaingia mapipani pamoja na ya bilji, jumla mapipa 14.

Nije kwenye sifa, maana nisije nikaonekana mzee wa kulalama tu. Siku ya pili alikuja Bi Mize na wenzake watano, wakulima wa mwani, kamba zao ziko mbele tu ya hori. Hakusalimia. Kwa Pemba hiyo ni barua ya mahakama. Akasema, "Mafuta yakifika kwenye vigingi vyangu, mwani wa msimu huu utaununua wewe." Mimi nilikuwa nimewaza karatasi na orodha, sikuwaza vigingi vya mtu. Fundi mkuu ndiye aliyejibu, tena kwa unyenyekevu, kisha akatoa wazo ambalo sikuwahi kuliona kwenye meli yoyote: nyavu kuukuu za kuvulia, zijazwe makumbi ya nazi makavu, zishonwe ziwe kama nyoka mrefu, zizungushwe boti nzima. Makumbi yanaelea na yanakunywa mafuta. Wake wale wale wakashona, wakalipwa. Nyoka yule tulimbadilisha mara mbili. Usiku mmoja wa bamvua maji yalimpandia, asubuhi tukaona ukungu wa rangirangi unatoka horini, mwembamba, ukapotea kabla ya kufika kwenye kamba. Bi Mize aliuona pia. Hakusema kitu, lakini jioni yake alinisalimia.

Rangi ya chini ya maji sikushinda. Nilitaka waikwangue penye mstari wa kukatia kabla ya kutia moto, kwa sababu moshi wa rangi zile za zamani una madini ya risasi ndani yake, na rangi za kuzuia chaza na wadudu wa baharini kuganda zilikuwa na sumu yenye madini ya bati ambayo Ufaransa iliizuia kwa boti ndogo tangu 1982, baada ya chaza wa Arcachon kuharibika. Dunia nzima ikafuata 2008. Vijana walikwangua nilipokuwa nimesimama, na nilipokwenda kuswali waliacha. Nimejua kwa sababu maganda yalikuwa mengi upande mmoja. Tulitandika turubai chini, tukayakusanya tuliyoweza. Mengine yamo topeni, nisidanganye.

Kuhusu makaratasi ya serikali sitakaa sana. Boti ilifutwa kwenye daftari la Mamlaka ya Usafiri Baharini, hilo lilikwenda. Habari ya taka ilikuwa mzunguko: mezani hapa nenda pale, pale rudi hapa. Kila mtu alikuwa mwema, na hakuna aliyekuwa na pa kunipeleka. Sheria ya mazingira tunayo, ya 2015. Mkataba wa Basel wa 1989 wa kuzuia taka za sumu kuhamishwa ovyo kutoka nchi hadi nchi, Tanzania imo. Ulaya nao wana orodha yao ya maeneo ya kukatia, na meli yenye bendera ya nchi zao haikatwi nje ya orodha. Lakini mimi nimeshaona bendera inabadilishwa baharini kwa nusu saa na jina linafupishwa kwa kopo la rangi, basi nikisikia neno "bendera" naguna. Sisi wenyewe hapa Zanzibar tunasajili meli za nje, tuyajue haya. Na kukata meli si jambo geni kwetu: Glasgow, ile meli ya Sultani iliyozamishwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, ilikaa bandarini Unguja milingoti nje miaka 16, mpaka 1912 ikaja kampuni ikaivunja, na sehemu kubwa ya mabaki ikaenda kutupwa baharini kwengine. Ilikuwa njia rahisi hiyo.

Mizani sasa, na hili lisomwe na kila mrithi. Walikuja na mizani yao. Nikaenda na mfuko wa saruji wa kilo 50 haujafunguliwa, nikaupandisha. Ikasoma 46. Fundi mkuu akasema barabara ya Mkoani imeitingisha. Huenda. Barabara hiyo lakini ingetugharimu: chuma chote kilifika tani 84, na kwa mizani ile tungepunjwa zaidi ya tani sita na nusu, karibu shilingi milioni 3.7. Ikarekebishwa mbele yangu, na kila asubuhi mfuko wangu wa saruji ulipanda kwanza kabla ya chuma. Baada ya hapo hawakunipunja hata shilingi. Milioni 46 na laki mbili zilifika kwa mafungu matatu, siku walizosema. Rafadha tukaiuza peke yake.

Siku 38 kwa jumla. Hakuumia mtu, ukitoa kidole kimoja kilichobanwa na winchi. Ufukwe waliuokota mpaka misumari, na mikoko walikata miwili tu, ile iliyootea ndani ya ubavu.

Mafuta machafu yamekwisha, wajenzi wameyanunua ya kupaka boriti kuzuia mchwa. Betri zimenunuliwa. Iliyobaki ni ile mifuko ya nailoni. Niliitia kwenye mapipa mawili ya chuma, nikamimina zege juu, nikaandika kwa rangi nyekundu USIFUNGUE, na yako nyuma ya nyumba yangu chini ya mwembe, kwa kuwa sikupata pa kuyapeleka. Mjukuu wangu ameshauliza mara tatu mna nini. Nimemwambia fundi mkuu: siku mukipata mahali panapopokea, Unguja au Bara, njooni muyachukue, nauli juu yangu. Ameniahidi. Wakija kweli, nitarudi hapa niwaongeze nyota.